Nilikwenda Soga Kutazama Kutu

Msomaji mpenzi, kama umepata kusafiri kwa barabara ya Morogoro, bila shaka umepita Misugusugu hata kama hukulijua jina lake. Ukiisha kuiacha Kibaha mjini, kabla hujafika Mlandizi, utaona malori yamepangana kando ya njia, marefu, yenye turubai na minyororo. Mengine yanakwenda Zambia, mengine Kongo, mengine Rwanda. Hapo ndipo kwetu. Wasafiri wengi huijua Misugusugu kwa ukaguzi wa malori tu. Vijana wauza korosho na maji hukimbilia madirishani, basi huondoka, na msafiri hurudi usingizini.

Leo nakuomba ushuke hapa kidogo, maana nataka kukuonyesha stesheni ya gari moshi.

Najua utasema, "Karani huyu amepotea, Misugusugu haina reli." Ni kweli. Reli inapita kusini kwetu, upande wa Soga na Ruvu. Lakini nyuma ya nyumba moja, chini ya mkorosho, iko stesheni kamili. Ina jengo lenye paa la bati, tangi la maji, mlingoti wa ishara, jukwaa la abiria, njia mbili za reli, injini moja na mabehewa sita. Yote hayo yamekaa juu ya ubao wa mita tatu, na jioni hufunikwa kwa turubai kuukuu ili kuku wasilale humo.

Mwenye stesheni hiyo ni mzee mmoja Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuwa gadi wa treni za mizigo. Aliingia kazini mwaka 1969, wakati reli zetu na zile za Kenya na Uganda zilikuwa bado chini ya shirika moja. Shirika lile likavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, naye akaendelea na kazi upande wa Tanzania hata akastaafu. Hataki nimtaje jina gazetini. Basi nitamwita kama watoto wa mtaa wetu wamwitavyo, yaani Babu Gadi.

Mimi ni Mzaramo, na unajua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Kila nimwamkiapo shikamoo, hujibu marahaba, kisha huuliza kama Wazaramo wamekwisha kulipa deni la mizigo yote ambayo babu zake waliibeba vichwani kutoka bara hadi pwani kabla reli haijajengwa. Nami humjibu kwamba tulilipa kwa nazi, wakazila njiani.

JINSI NILIVYOINGIA KATIKA KAZI HII

Siku moja mzee alinijia ofisini nimsomee karatasi ya hospitali. Ilisema ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufunga. La kushoto, alisema, linaona kama mtu achunguliaye ndani ya bomba. Katikati kuna mwanga, pembeni ni giza. Hakupata maumivu yo yote, ndiyo maana alichelewa. (Msomaji, ikiwa umepita miaka arobaini, au kama katika ukoo wenu yuko aliyeugua ugonjwa huu, nenda ukapimwe macho. Dawa huweza kuuzuia usiendelee, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi.)

Nilipomaliza kusoma, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ulisoma ualimu. Walikufundisha kukata maboksi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Babu. Tulitengeneza zana za kufundishia. Nilipata kutengeneza saa ya boksi na ramani ya udongo."

"Basi njoo Jumamosi. Limebaki behewa moja, nalo ni la gadi. Mikono yangu ingali mizima, lakini macho hayatanisubiri."

Nikaenda. Nilidhani ni mchezo wa watoto, kama vile vigari vya waya tulivyosukuma sisi utotoni. Nikakuta kazi yenye vipimo na sheria.

KIPIMO KWANZA

Sheria ya kwanza ni kipimo. Mzee hujenga kila kitu kwa moja kwa ishirini na tano, maana yake kila sentimita moja ubaoni ni sentimita 25 za kweli. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja baina ya chuma na chuma. Ubaoni ni sentimita 4. Behewa la mita 10 huwa sentimita 40. Mlango wa mita 2 huwa sentimita 8. Ukikosea mlango tu, mara moja jicho hukuambia kwamba nyumba hii ni ya majitu au ya panya, wala hutajua sababu.

Kipimo hiki hufundisha na mambo mengine. Watoto wanaokuja kutazama wamejifunza hapo kwamba nchi yetu ina reli za namna tatu. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, ni milimita 1,067. Reli mpya ya umeme ni milimita 1,435. Mzee amepigilia misumari juu ya kipande cha ubao kuonyesha zote tatu. Ya kwanza na ya pili hutofautiana kwa milimita 3 tu katika kipimo chake, lakini hizo zatosha kuliangusha behewa.

Vitu vya kujengea havinunuliwi, isipokuwa gundi ya mbao, siki na rangi kidogo. Mwili wa behewa ni ubao laini wa msufi. Kuta za stesheni ni boksi gumu lililopakwa chokaa. Bati la paa ni kopo la mafuta ya kula, limekatwa, likasuguliwa juu ya meno ya kitana mpaka likapata mikunjo. Kokoto za njia ni mchanga wa mto uliochekechwa mara mbili. Gurudumu ni visahani viwili vilivyogandishwa pamoja, kidogo cha mti mgumu na kikubwa zaidi cha bati upande wa ndani. Kwa maana gurudumu la treni lina ukingo kwa ndani, na ukingo huo ndio unaolizuia lisitoke relini. Mtoto akisahau ukingo, treni yake huanguka kwenye kona ya kwanza, naye hasahau tena.

WENGINE WALIOFANYA KAZI HII

Usidhani ni mzee wetu peke yake. Huko Ujerumani, katika mji wa Göppingen, kampuni ya Märklin ilipeleka vigari vya reli kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, vyenye vipimo vilivyopangwa, ili mtu aweze kununua behewa leo na reli mwakani, vikakubaliana. Miaka 14 baadaye, mwaka 1905, Wajerumani walianza kujenga hapa reli ya kweli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200. Ardhi ilichimbwa na mataruma yakabebwa kwa jasho la babu zetu.

Huko Uingereza alikuwako kasisi mmoja, Wilbert Awdry. Mwanawe mdogo, Christopher, aliugua surua, na baba akamtulia kitandani akimsimulia habari za injini zinazosema na kugombana kama watu. Mtoto alipopona, baba alimchongea gari moshi kwa vipande vya mbao. Hadithi zile zikawa vitabu, cha kwanza mwaka 1945, na leo watoto wa dunia nzima wanaijua injini yake iitwayo Thomas.

Na Marekani, katika mji wa Monterey, alikuwako bwana mmoja jina lake John Allen. Yeye alijenga reli, milima na miji ndani ya nyumba yake kwa miaka mingi. Wengine walipenda vigari ving'aavyo kama vya dukani, lakini yeye alivipaka masizi, kutu na vumbi, hata picha zake zikawashangaza watu kwa jinsi zilivyofanana na kweli. Alifariki Januari 1973, na baada ya siku chache moto ukaiteketeza sehemu kubwa ya kazi yake.

Nilipomsimulia Babu Gadi habari hiyo ya mwisho, niliogopa kwamba itamhuzunisha. Akauliza tu, "Je, alikuwa ameonyesha watu jinsi ya kufanya?"

"Ndiyo, Babu. Walijifunza wengi kwake."

"Basi hakuungua mtu wala kazi. Uliungua ubao."

KOSA LANGU

Sasa nitakuambia kosa langu mwenyewe. Behewa la gadi lilichukua Jumamosi saba. Ni behewa la mwisho katika treni ya mizigo ya zamani, na ndani yake hukaa gadi na taa yake, bendera yake nyekundu na ya kijani, daftari lake, na gurudumu la breki ya mkono. Nilikata, nilisugua, niligundisha. Mzee alipima kwa vidole, na mara mbili alinifanya nibomoe ngazi kwa sababu haikuwa sawasawa.

Gurudumu la breki ndilo lililonichosha zaidi. Alitaka lizunguke na kuvuta kweli. Nikamwambia, "Babu, hakuna mtu wa kulizungusha. Ni dogo kama kifungo cha shati."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Umesahau Igandu?"

Sikusahau. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa ikija. Watu 281 walipoteza maisha. Mzee alikuwa na marafiki katika safari ile. "Breki si pambo," akasema. "Wala ubaoni." Nikalitengeneza upya, likazunguka.

Ikabaki rangi. Wakati huohuo shule ya jirani ilikuwa ikitayarisha siku ya wazazi, na kulikuwa na mnada wa vitu vya mikono kwa ajili ya madawati. Nikawaza kwamba behewa hili litaleta fedha. Basi, bila kumwuliza mzee, nikanunua rangi nyekundu ya mafuta, ile ing'aayo, nikapaka mara tatu. Vishikio vya shaba nikavipaka rangi nyeupe. Nikaandika namba kwa rangi ya dhahabu. Msomaji, lilipendeza. Mke wangu alisema tuliweke kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Jumamosi ya nane nikampelekea. Alilishika kwa mikono miwili, akalielekeza juani, akaliinua karibu na jicho lile la kushoto. Akalinusa. Akapitisha kidole gumba juu ya kishikio. Kisha akaliweka chini polepole.

"Ni zuri," akasema. "Linatoka dukani. Halijafika hata Ngerengere."

Nikaona uchungu. Nikajitetea kwamba wanunuzi hupenda kitu safi, na kwamba madawati ni jambo jema, na kwamba uchafu hauuziki. Mzee hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi kuliko hasira.

"Mwanangu," akasema, "mimi nililala ndani ya behewa hili usiku zisizohesabika. Nililia humo nilipopata habari ya kufiwa na mama, niko baina ya stesheni na stesheni, wala siwezi kushuka. Wewe umelipaka rangi kana kwamba hakuna mtu aliyepata kuingia. Nenda Soga ukatazame. Usichore kitu mpaka umetazama."

SAFARI YA SOGA

Nikaenda, kwa pikipiki, siku ya kazi niliyoomba ruhusa. Njia ya kusini kutoka kwetu ni ya udongo mwekundu, hupita katikati ya mikorosho na miembe na mashamba ya mihogo. Hewa ya huko si kama ya barabarani. Husikii breki za malori, wasikia njiwa. Watoto waliovaa sare walikuwa wakienda shule wakiburuta matawi, na nyuma yao vumbi likisimama kama pazia.

Ukifika Soga unaona zama mbili zimewekwa karibu karibu. Reli mpya imeinuliwa juu ya tuta, ina mataruma ya zege na nguzo za umeme zenye nyaya juu. Jiwe la msingi la reli hiyo liliwekwa Pugu mwezi Aprili 2017. Hapa Soga mkandarasi alikuwa na kambi yake kubwa ya ujenzi. Na mwezi Juni 2024 treni za abiria zikaanza kwenda Morogoro. Mwendo wake wafika kilomita 160 kwa saa. Nilikuwa nimesimama na muuza machungwa wakati ile treni yenye pua ndefu, ambayo watu wameipa jina la Mchongoko, ilipopita. Haikulia kama treni nizijuazo. Ilikuja kama upepo, machungwa yakatetemeka kwenye sinia, na kabla sijaihesabu ilikuwa imekwisha.

"Hiyo haina gadi wa bendera," akasema muuza machungwa, nami nikamfikiria mzee.

Na reli ya zamani ipo, nyembamba, chini, na mataruma yake ya chuma. Nikaomba ruhusa kwa mwenye zamu, nikamweleza shida yangu. Alicheka sana. "Umetoka Misugusugu kuja kutazama kutu?" Lakini akaniruhusu kusimama mahali pa salama, akanikataza kabisa kuvuka njia, nami nakukataza wewe pia. Ilikuwapo treni ya mizigo imesimama ikingoja. Nikafungua daftari langu la ofisini, nikatazama saa nzima. Nitakuandikia niliyoyaona, maana sikuwa nimepata kuyaona ingawa nimepanda treni tangu utoto.

Kwanza, kutu haikai po pote ipendavyo. Huanza mahali maji yanapotulia, kama vile pembeni mwa paa, chini ya mlango, na penye misumari. Kisha hushuka chini kwa mstari, kama machozi.

Pili, vumbi haliangukii tu kutoka juu. Hupandishwa na magurudumu, kwa hiyo sehemu ya chini ya behewa ni nyekundu ya udongo wetu, na kadiri upandavyo hupungua.

Tatu, mahali pa ekseli pana weusi wa grisi, na vumbi likigusa grisi hushika kama unga kwenye mafuta.

Nne, jua hula rangi. Upande ule uliochomwa na jua ulikuwa umepauka kama nguo iliyoanikwa sana, na mahali ubao wa namba ulipong'olewa rangi ya zamani ilikuwa bado mbichi.

Tano, juu ya reli yenyewe, pale gurudumu linapopita, hakuna kutu hata chembe. Pembeni mwa chuma kilekile ni kahawia. Juu kinang'aa kama kisu.

Niliandika yote, nikanunua machungwa sita, nikarudi.

KULIZEESHA BEHEWA

Jumamosi iliyofuata tulianza kulizeesha lile behewa. Ikiwa una mtoto mwenye mikono isiyotulia, fanya naye hivi:

1. Twaa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ziloanishe kwa maji ya chumvi, uziache ndani ya kisahani siku tatu au nne. Zitageuka unga mwekundu. Uchekeche kwa kitambaa. Hiyo ndiyo kutu ya kweli, wala hakuna rangi ya dukani iishindayo. Mtoto asiipulize wala asiitie kinywani.

2. Sugua rangi ing'aayo kwa msasa laini mpaka ipauke. Sugua zaidi upande wa juu na upande utakaoufanya wa jua.

3. Chukua rangi nyeusi kidogo sana, uichanganye na maji mpaka iwe kama chai ya rangi. Paka behewa zima, kisha ufute mara moja kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini. Weusi utabaki katika nyufa na pembe tu.

4. Gundi ya mkorosho, ile inayotoka kwenye gome, iloweke katika maji ya moto, uichuje. Chovya ncha ya kijiti, uguse penye misumari na chini ya mlango, kisha nyunyizia unga wa kutu. Ukikauka, shusha michirizi midogo kwa brashi yenye maji.

5. Udongo mwekundu uliochekechwa uupake kwa brashi kavu, sehemu ya chini tu, ukipanda kidogo kidogo.

6. Masizi ya kibatari yachanganye na mafuta kidogo, uyatie penye ekseli.

7. Mwisho, paka maji mepesi ya gundi juu ya yote ili yashike.

Sheria kuu ni hii: kila doa liwe na sababu. Kabla ya kutia doa, jiulize maji yalitoka wapi, vumbi lilirushwa na nini. Ukikosa jibu, usitie.

Nilipomaliza niliona fahari. Nililitia kutu kila mahali palipostahili, na vishikio vya shaba pia, vile viwili vilivyo kando ya ngazi, nilivitia kahawia nzuri. Nikampa mzee. Wakati huo jicho lake lilikuwa limefifia zaidi. Alilitazama behewa kidogo tu, kisha akaanza kulitazama kwa vidole. Akatambua paa. Akatambua michirizi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika kwenye vishikio, akasimama.

"Hapa umekosea."

"Babu, ni chuma, nacho kilikaa mvuani miaka mingi."

"Na mkono wangu?" akauliza. "Kila stesheni nilipanda hapa na kushuka hapa, mchana na usiku. Kutu haikai mahali pa mkono."

Msomaji, nilikuwa nimeandika katika daftari langu kwamba juu ya reli hakuna kutu pale gurudumu linapopita, wala sikufikiri kwamba na mkono wa mtu hufanya vivyo hivyo. Nilichukua kitambaa na mchanga laini, nikavisugua vishikio vile mpaka shaba ikatoka tena, si kotekote, bali pale katikati tu, mahali kiganja kingeshika. Nikampa. Akaweka kidole gumba juu yake, akakipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hakusema neno kwa muda mrefu. Binti yake aliyekuwa akipepeta mchele aliacha kupepeta.

"Ndilo hili," akasema.

HABARI ZA MNADA

Utataka kujua kama liliuzwa. Siku ya wazazi tulipeleka stesheni nzima shuleni juu ya mkokoteni, watu wakaitazama mpaka jua likachwa. Bwana mmoja mwenye malori alitoa bei nzuri kwa behewa la gadi. Nilimtazama mzee, naye alinitazama kwa upande nilikokuwa, ingawa sidhani aliniona. Nikasema haliuzwi. Tukauza behewa la tangi na behewa la makontena, na kwa fedha zile yamepatikana madawati machache. Nilijua hayatoshi, na nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo mawili moyoni. Sitakudanganya kwamba moja lilikwisha kulishinda jingine. Tangu hapo tumetengeneza mabehewa mengine mawili kwa ajili ya mnada ujao, yenye kutu, na bwana yule amekwisha kuyaagiza. Kumbe uchafu huuzika.

Sasa mzee haoni ila mwanga. Lakini kazi haikusimama. Watoto wamemwomba Mchongoko, naye hajapata kuuona. Basi jioni hukaa chini ya mkorosho, na wale waliopata kwenda Soga humweleza. Pua yake ikoje? Ni kama ya samaki, Babu. Samaki gani, changu au papa? Hapo hubishana sana, wachonge ubao wa msufi, wampe aupapase, aseme bado. Amewaamuru wapime milimita 57 baina ya reli na reli, wala asisikie mtu akisema 58. Mtoto mmoja aliuliza kama huo nao watautia kutu. Mzee akajibu, "Bado. Huo haujachoka. Mtautia vumbi kidogo chini, na kutu mtaitia ninyi mkiwa wazee."

Usiku mtulivu, upepo ukivuma kutoka kusini, mzee husema anasikia honi ya treni ya mizigo. Binti yake husema ni malori ya barabarani. Mimi nimekaa naye mara mbili nikisikiliza, na sikuweza kuamua.

Basi, msomaji, siku utakayopita Misugusugu, shuka kidogo. Usitupe kopo la mafuta wala boksi la sabuni. Mpe mtoto na kipimo. Na ukiwa na mzee nyumbani aliyefanya kazi miaka mingi kwa mikono yake, cherehani au jembe au usukani, mwulize alishika wapi. Kisha uende ukapatazame mahali hapo, utaona panang'aa.

Nakuaga kwa leo.